Ushauri Wenu wa Spina na Pua Yangu

Simeon Mathenge,
Karani Mstaafu wa Mizani,
Othaya.
Alhamisi, tarehe 10 Septemba.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa "Mnunuzi Mwerevu".

Ndugu Mhariri,

KUH: KUNIFUNGULIA AHADI NILIYOMPA BINTI YANGU

Ninakuandikia nikiwa nimeketi, nimekunywa chai, na sina hasira. Hasira nilikuwa nayo Jumatatu, nikaamua nisishike kalamu mpaka ipoe, kwa sababu mimi ni mtu niliyelelewa. Leo ni Alhamisi, na imepoa kiasi. Kwa hivyo nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wataalamu wako, hasa yule aliyeandika makala ya "Mambo Matano ya Kuangalia Ukichagua Spina ya Bei Nafuu". Natumaini hajambo na vidole vyake vyote viko salama.

Kwa msomaji wako ambaye hajabahatika kuiona spina, ni kidude chenye mabawa matatu na beringi katikati. Unakishika kwa vidole viwili, unakipiga kidogo, kinazunguka. Basi. Hakuna kingine kinachofanya. Nasikia watoto wa Nairobi walikichoka zamani, na kama ilivyo kawaida ya vitu vilivyochokwa, kikapandishwa kwenye lori kikaletwa kwetu milimani, ambako wewe umetuletea na mwongozo wake.

Kisa changu ni hiki. Kwa miaka thelathini na tisa nimenusa ugoro, na sijawahi kuuficha. Nilifundishwa na baba mkwe wangu siku niliyoenda kumposa Wangui. Alininyooshea mkebe mbele ya wazee wote, na kijana aliyekuja kuomba mke hakatai alichonyooshewa. Nilipiga chafya kumi na moja, nikapewa Wangui. Tangu siku hiyo nimeuona ugoro kuwa jambo jema.

Machi mwaka huu daktari alinipima presha. Akaiangalia mashine, akaigonga akidhani imeharibika, akanipima tena. Kisha akamwita binti yangu Ngendo, aliyekuwa amenisindikiza, wakaongea kando kana kwamba mimi ni ng'ombe aliyeletwa kuchanjwa. Ngendo ni kitinda mimba wangu. Ana duka la kushona nguo Murang'a, na Desemba anaolewa na Murithi, kijana wa Chuka. Mama yake alitutoka miaka sita iliyopita, kwa hivyo wa kumpeleka kanisani ni mimi, mwingine hayuko. Tulipofika nyumbani aliniambia mbele ya dada yangu Murugi: "Baba, mimi sitaki kitu kingine. Wacha huo ugoro, ufike Desemba ukiwa na pumzi ya kunipeleka."

Ningefanya nini? Niliahidi. Na ahadi uliyompa mtoto mbele ya shangazi yake haifi kwetu. Shangazi atahakikisha imesomwa hata kwenye mazishi yako. Lakini mimi nilikuwa karani, na karani hatii sahihi karatasi bila kujiachia nafasi. Nilipolalamika kwamba mikono yangu itakosa kazi, Ngendo alitoa gazeti lenu kwenye mkoba, akanionesha ukurasa wako, akasema nitafute spina nzuri. Hapo ndipo niliposema, na Murugi ni shahidi, kwamba nitaacha ugoro maadamu kuna spina yenye thamani ya kushika nafasi yake.

Umeuona mlango huo, Ndugu Mhariri? Ikithibitishwa kwamba spina ya aina hiyo haipo, ahadi imeanguka yenyewe, na hakuna mtu aliyeivunja. Ninachokuomba ni uthibitisho tu. Sababu zangu ni hizi:

1. Uzito. Mtaalamu wenu aliandika kwamba spina nzuri ni nzito kiasi mkononi. "Kiasi" ni kipimo gani? Nimepima kahawa ya watu miaka ishirini na tisa kwenye kiwanda chetu cha ushirika, na sijawahi kuandika kwenye risiti ya mkulima kwamba ameleta kahawa "kiasi". Nilinunua spina tatu, ya plastiki, ya chuma na ya shaba, nikazipeleka kiwandani. Mizani ya kiwanda haioni kitu kilicho chini ya nusu kilo. Nililijua hilo miaka yote, na wakulima walilijua, ila hatukuwahi kulizungumza na si leo tutaanza. Nikaenda buchari kwa Waweru. Kwa Waweru spina zote tatu zilikuwa na uzito sawa, na uzito huo ulikuwa wa kidole gumba cha Waweru. Mwishowe nilipimiwa kwenye duka la dawa za mifugo, kwenye mizani ya mbegu za sukuma wiki: ya plastiki gramu kumi na tisa, ya chuma arobaini na moja, ya shaba sabini. Nikachagua ya shaba, kama mlivyoshauri. Kufikia jioni ilikuwa imetoboa mfuko wa koti ikaingia ndani ya bitana, na kwa siku mbili nilitembea ikinigonga paja mpaka nikazoea kutembea kwa mdundo.

2. Muda. Mliandika kwamba spina ya thamani huzunguka dakika tatu bila kusimama, na kwamba mnunuzi aijaribu kabla ya kulipa. Ni nani huyo aliyewahi kujaribu kitu bure hapa kwetu? Nilimwendea Wakonyo, mama anayeuza vifuniko vya simu mjini Nyeri, nikanyoosha mkono kwa adabu. Akaniambia: "Mzee, ukizungusha umenunua." Nikaenda Karatina, nikaambiwa hivyo hivyo. Nikaenda Murang'a, nikaambiwa hivyo hivyo, na juu yake nikaulizwa kama ninamnunulia mjukuu. Ndiyo maana zile tatu nilizozipima nilizinunua kama mtu aliyefumba macho.

Nyumbani nilizipima kwa Sala ya Bwana, kwa sababu saa yangu siiamini na sala naisoma kwa mwendo mmoja tangu nilipobatizwa. Ya plastiki husimama kabla sijaomba mkate. Ya chuma hufika kwenye makosa. Ya shaba hufika Amina, na nikiipiga vizuri hunisindikiza mara ya pili yote. Hiyo ni shaba ya kweli, sikatai. Lakini hamu ya ugoro, Ndugu Mhariri, nimeipima pia, na hudumu Sala za Bwana kumi na mbili, zikisomwa polepole. Hizo kumi zilizobaki nizungushe nini? Kwa hesabu ya karani, hamu moja inataka spina sita, na mikono ni miwili. Mtaalamu wenu hakuliandika hilo popote.

3. Kelele. Mlisema tuchague isiyo na kelele. Ya shaba haina kelele, na hilo ndilo lililoniponza, maana ingekuwa na kelele ningekumbuka kwamba ninayo mkononi. Jumapili ya pili ya Mei nilikuwa kanisani, mahubiri yamenoga, sadaka ikaitishwa ghafla. Mkono wa kulia ulikuwa na noti, wa kushoto ulikuwa na spina. Kikapu kikaja upande wa kushoto. Unajua mkono wa mtu mwenye presha hufanya nini ukishtuliwa? Ulitoa. Nikabaki nimeishika noti, nikaitazama, nikajua nimekwisha.

Kwetu sadaka isiyo pesa hairudishwi. Ukileta jogoo, mkungu wa ndizi au trei ya mayai, vinauzwa kwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Mzee wa kanisa anayeendesha mnada, Mwai, aliiinua spina yangu juu, kati ya malenge na jogoo mwekundu, akatangaza kwamba yeye mwenyewe hajui ni nini ila imetolewa na mtu aliyeguswa. Nilimwendea nikamnong'oneza. Akanijibu kwamba kilichoombewa ni cha Bwana, ila niko huru kuinua mkono kama waumini wengine. Nikauinua. Nderitu wa duka la dawa za watu naye akauinua, kwa ubaya tu, maana hata hakujua ananunua nini. Chama cha akina mama nacho kikachanga pale pale, wakidhani ni kifaa cha cherehani. Ndugu Mhariri, spina niliyoinunua Karatina kwa shilingi mia mbili hamsini, niliirudisha nyumbani kwa elfu moja na mia saba. Jogoo alienda kwa mia tisa, na jogoo analiwa. Makala yenu inasema spina ya bei nafuu isizidi mia tano. Naomba mtaalamu anieleze, kwa kuwa yeye ni mtaalamu, mimi nilikosea wapi.

4. Rangi. Mlisema tuchague rangi inayotuliza moyo. Zilizokuwa zimebaki Nyeri ni za waridi na zinawaka taa. Nilinunua moja ya akiba, nikaenda nayo kwenye mazishi Gakindu. Sitaeleza zaidi.

5. Dhamana. Mlisema tuulize dhamana ya miezi sita. Nilirudi kwa Wakonyo nikauliza. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akataka kujua mimi mwenyewe niko na dhamana ya miezi mingapi. Niliondoka kabla hajanitafutia bei.

6. Sasa nakuja kwa lililonichoma. Julai wazee wa Murithi walikuja kutoka Chuka kuzungumza mahari, ile siku tunayoiita ruracio. Pengine mtaalamu wenu hajawahi kuketi kwenye ruracio, basi nimfundishe bure. Mle ndani anayejibu haraka ndiye anayeshindwa. Ukiulizwa swali gumu, hujibu. Unatoa mkebe wa ugoro, unagonga kifuniko mara mbili, unafungua, unachota, unanusa pua hii, unanusa hii nyingine, unapiga chafya, watu wanakuombea heri, unatafuta kitambaa. Ukimaliza kujifuta, jibu limekuja lenyewe, tena jibu zuri. Ugoro si ulevi, Ndugu Mhariri. Ni chombo cha kazi.

Msemaji wa upande wao alikuwa Mzee Koome, mtu mzima mpole mwenye tumbo la heshima na mkebe wake mwenyewe. Alininyooshea mkebe. Nikakataa, kwa ajili ya Ngendo, na nikaona wazee wa pande zote wananikazia macho, maana kuukataa ugoro wa mkwe ni kama kumkataa mkwe. Ikanibidi nioneshe nilichonacho. Nikatoa spina. Na kwa sababu kwetu mtu hashiki kitu cha kujiburudisha mbele ya mgeni bila kumpa naye aonje, nikampa.

Hapo ndipo nilipopotea. Mzee Koome akawa na ugoro mkono mmoja na spina mkono wa pili. Nikimuuliza neno, ananusa. Nikisisitiza, anazungusha, na wazee wote, wao na wetu, wanainama kuitazama mpaka isimame. Mimi nikiulizwa sina kitu mkononi ila vidole vyangu kumi. Nikawa najibu papo hapo kama mtoto anayeitwa jina darasani. Mbuzi wangapi? Nikajibu. Blanketi ngapi? Nikajibu. Ndugu zangu walinikanyaga chini ya meza mpaka kiatu kikapata alama ambayo haitoki kwa rangi yoyote. Nimemwoza binti yangu kwa mbuzi wachache kuliko waliotolewa kwa Murugi mwaka wa themanini na moja, na Murugi amenikumbusha hilo kila Jumapili tangu siku ile. Kisha Mzee Koome akaondoka na spina mfukoni. Ningeidaije? Kilichokwisha kuonjwa na mkwe ni cha mkwe. Kwa hivyo spina iliyo ghali kuliko zote Mlima Kenya sasa iko Chuka, na mimi niko hapa na ya waridi inayowaka taa.

7. Daktari naye amenipiga msumari wa moto juu ya kidonda. Mwezi jana alinipima, akaigonga tena mashine yake, akatabasamu, akanipunguzia dawa nusu nzima. Tafadhali msije mkautumia ushahidi huu dhidi yangu. Yeye ni daktari wa watu, hajui lolote kuhusu spina.

8. Nimeharibiwa jina. Zamani watu walinisimamisha sokoni kuniuliza bei ya kahawa. Siku hizi wananinyooshea spina wakitaka niwaambie kama beringi yake ni ya kweli. Na ubaya ni kwamba nawaambia. Nikiishika tu najua gramu zake, na nikiipiga mara moja najua itafika mstari gani wa sala. Wenzangu watatu tuliokuwa tukinusa pamoja nyuma ya buchari wamenunua zao, kwa uzito niliowashauri mimi mwenyewe. Kwa hivyo hata nikifunguliwa ahadi leo, nitanusa na nani? Hilo nalo nalileta mlangoni kwenu.

9. Pua. Hili hamkulitaja kabisa kwenye makala, na ndilo kosa kubwa kuliko yote. Pua yangu imerudi. Kwa miaka thelathini na tisa sikunusa chochote ila ugoro, na niliishi vizuri na majirani. Sasa nanusa nguruwe wa Waweru. Nanusa kwaya. Nanusa koti langu, ambalo watu walikuwa wakilisifu, na nimekumbuka kwamba walikuwa wakilisifu wakiwa mbali. Hata miezi miwili haikuwa imepita tangu niache. Aprili mvua ilipopiga, kahawa ikatoa maua, nikasimama shambani nisijue niende wapi. Nimepima zao la mmea ule maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maua yake yananukia hivyo. Au labda waliniambia.

Na Jumatatu hii iliyopita nilifungua sanduku la marehemu mke wangu kutafuta leso ambayo Ngendo ameiomba kwa ajili ya harusi. Wangui bado yumo mle ndani, Ndugu Mhariri. Sabuni yake imo, na moshi wa jiko letu la zamani. Niliketi sakafuni mpaka Murugi akaja kuniita nikale, nikamwambia nimeshiba. Miaka sita sanduku hilo limekuwa chumbani mwangu, futi nne kutoka kitandani, na sikujua. Nililia, kisha nikakasirika sana. Sikuweza kupata wa kumkasirikia, kwa hivyo nimeamua muwe ninyi. Kwa hili sidai fidia yoyote. Liandikwe tu.

Basi, kwa hayo yote, ninaomba mambo machache. Mchapishe kwa herufi kubwa kwamba kuanzia Murang'a mpaka Chuka hakuna spina yenye thamani, na kwamba ukurasa wenu unasikitika. Mmwandikie Ngendo barua yenye muhuri, kwa sababu yeye huamini chochote chenye muhuri, mkimweleza kwamba baba yake alijitahidi kupita kiasi na kwamba ahadi imejifia yenyewe bila kuguswa na mtu. Msimwambie kwamba ni mimi niliyeomba. Mlete kondoo dume mmoja aliyenona, maana mtu mzima akikosewa kwetu haombwi msamaha kwa simu. Na mkiona vyema, mnitumie mkebe mmoja wa ugoro, kwa jina la Murugi. Hapana, si Murugi. Mnitumie kwa jina la Mwai wa kanisa, hakuna atakayemshuku.

Ninaomba haraka, maana Desemba haiko mbali, na kwa kuwa tumefika huku acha niseme kweli. Ninaogopa. Siuogopi ugoro. Naogopa kwamba nitaacha kila nilichoambiwa niache, nitameza kila kidonge, nitazungusha hiki kidude mpaka vidole viote sugu, na bado siku hiyo pumzi itaniishia mlangoni mwa kanisa, mtoto akiwa amenishika mkono na watu wote wamesimama. Mtu aliyevunja ahadi akianguka, sababu inajulikana na watu wanaendelea kula. Aliyeitimiza akianguka, binti yake ataambiwa nini? Afadhali nifunguliwe mapema.

Salamu zangu ziwafikie wote hapo ofisini: wapiga chapa, anayewafagilia, anayewachemshia chai, na yule dada wa simu aliyeniambia kwa siku tatu nisubiri kidogo, nikasubiri kidogo, mpaka salio likaisha. Mtaalamu mwambieni kwamba sina kinyongo naye. Nina orodha tu.

Ni mimi, ninayewaheshimu kwa mikono mitupu,

Simeon Mathenge.

P.S. Bwana Mhariri, hii si Baba. Ni mimi Ngendo. Baba alinipa hii bahasha jana nikuje nayo posta Nyeri, akasema ni maneno ya kahawa. Alikuwa ameifunga na ugali. Ugali ikikauka huwa inaachilia, kwa hivyo asubuhi nilipata iko wazi kwa meza. Sikuifungua mimi.

Hiyo barua ya muhuri msiniandikie. Kondoo pia wacheni. Na Mwai wa kanisa msimtumie kitu, ni ndugu ya mama yangu na ataniambia.

Siku ya ruracio mimi ndiye nilikuwa nikipeleka chai, kwa hivyo nilisikia. Hakuna mtu alishinda Baba. Mzee Koome alimuuliza anataka mbuzi ngapi, Baba akasema walete zile wataweza, bora wanijengee karibu na lami ndio nikitaka kuja nyumbani nisichelewe. Ni hayo tu alisema, na wajomba wakakasirika. Hiyo spina pia haikubebwa. Baba alimpa mwenyewe wakiagana kwa mlango, akamkunjia vidole juu yake. Mzee Koome alinipigia simu wiki iliyopita. Ako na mwezi mmoja bila ugoro, na anauliza kama Baba ako na ingine kama hiyo, kwa sababu beringi imeisha.

Baba ako na miezi sita. Hajanusa hata siku moja. Shangazi Murugi ndiye anasema, na yeye hukagua mifuko.

Hapo kwa kuanguka nimesoma mara mbili. Sijamwambia nimesoma. Nilimfuata tu hapo nje nikamuuliza kama siku ya harusi atabeba spina kanisani. Akasema hapana, haitafaa, mkono mmoja atanishika nao, na ule mwingine hajui ataupeleka wapi. Nikamwambia anishike na yote mbili.